Mgeni Aliyetoka Kwenye Birika la Ubatizo

Jumapili moja ya Machi mwaka 2009, Vainqueur alibatizwa katika ukumbi wa kupanga ulioko juu ya duka la mazulia, Hallunda, pembezoni mwa Stockholm. Nje theluji ilikuwa imefunika matairi ya magari. Vainqueur ni dereva wa basi na ana mwili. Pasta Anastase hana mwili, kwa hiyo alimzamisha kwa msaada wa wazee wa kanisa, na maji yakawamwagikia waliokaa mbele, wakasema ameni. Alipoinuka, mdudu wa kahawia mwenye miguu sita alikuwa ameng'ang'ania begani kwenye kanzu yake nyeupe. Maji ya birika lile hayakuwa yamebadilishwa kwa muda mrefu, kwa sababu bomba la kuyatolea lilikuwa limeziba.

Mdudu alishuka, akapanda mimbari, akatulia. Pasta akaanza kuhubiri. Mahubiri yalipofika katikati, mgongo wa mdudu ulipasuka, akatoka kereng'ende laini, mwenye mabawa yaliyokunjamana, akakaa kuyakausha. Pasta alisogeza Biblia yake kidogo ili asimgonge, akaendelea na Warumi. Kanisa linalohubiriwa saa mbili kila wiki limezoea mambo ya polepole.

Ukafika wakati wa matangazo, ambao ni wa Mama Dorothée. Alikuwa katibu wa kanisa na msaidizi wa wauguzi katika hospitali ya Flemingsberg, na siku hiyo tangazo lake lilikuwa moja tu: mwenye jengo anataka kulibomoa ajenge nyumba za kuuza, na kanisa litoke baada ya Pasaka. Alikuwa amezunguka ofisi nyingi, na kila ofisi ilimpa kahawa na kumweleza kwa upole kwamba jambo hilo haliihusu.

Sasa, Mama Dorothée huyu vita vilimhamisha kutoka Uvira, akahamia kambini Kigoma, akahamishwa na huko kambini. Alipofika Sweden, kanisa likahamishwa Hässelby, likahamishwa Flemingsberg, ndipo likafika hapa. Mtu anachoka, jamani.

"Mimi sihami tena," alisema kwenye kipaza sauti. "Wakitaka wabomoe, wanibomoe nami nikiwa ndani. Bon. Tuna wageni leo? Wageni wasimame, wajitambulishe."

Kwa kawaida hapo husimama binamu wa mtu fulani kutoka Uppsala. Siku hiyo hakusimama mtu. Kereng'ende aliondoka mimbarini, akaruka hadi katikati ya ukumbi, akaning'inia hewani mahali ambapo kila mtu angeweza kumwona.

"Bwana Yesu asifiwe," alisema.

"Ameni!"

"Naitwa Leucorrhinia pectoralis. Wazee wangu waliishi kwenye kinamasi kilichokuwa hapa kabla ya ukumbi huu. Tangu kifukiwe tunaishi kwenye mitaro na mabomba. Nimefurahi kuwa nanyi. Sina mengi."

Akarudi mimbarini. Kanisa lilimwimbia wimbo wa wageni na kumpigia makofi, na mama mmoja wa kwaya akasema kwamba afadhali huyu, amejua kufupisha.

Pasta Anastase, kabla hajaokoka, alisoma seminari ya Wakatoliki huko Bujumbura, kwa hiyo jina la Kilatini alilishika lote. Alipofika nyumbani alilitafuta kwenye kompyuta. Alisoma mara ya kwanza akiwa amekaa, mara ya pili akiwa amesimama. Kereng'ende huyo analindwa na sheria ya Ulaya nzima. Mahali anapozalia hapabomolewi wala maji yake hayakaushwi. Pasta akampigia simu Mama Dorothée hata kabla ya kuvua tai.

"Si ndiyo maana wanasema," alisema Mama Dorothée, "mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Kesho yake alizungumza na afisa wa mazingira, mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu. Afisa alisema kwamba kereng'ende huyo kwa kawaida hutoka Mei, lakini kama ametoka Machi, basi ametoka Machi. Kuhusu kujitambulisha kwake mbele ya kanisa, hakuwa na sababu ya kuwatilia shaka. Tatizo lilikuwa ushahidi. Ilitakiwa picha, tena ya kutoka juu. Ndugu zake wenye madoa mekundu mgongoni wamejaa kila ziwa na hakuna anayewalinda. Huyu, akikomaa, hubaki na doa moja la njano karibu na mkia, njano ya limau, ndilo Waswidi walilomwitia jina. Bila doa hilo hakuna kesi.

Kazi ikamwangukia Évariste, mpiga picha wa harusi zote za Wakongo na Warundi wa Stockholm. Évariste ana sheria yake: mgeni hapigwi picha peke yake kama mfungwa. Picha ya kwanza aliyompelekea afisa ilikuwa na kereng'ende katikati, Pasta kulia, wazee kushoto, kwaya nyuma na watoto wameketi mbele. Afisa alijibu kwamba ni picha nzuri sana, ila aliomba aoneshwe mdudu ni yupi.

Picha zilizofuata zilikuwa za ukungu mtupu. Kila Évariste aliposogea, kereng'ende aliruka. Alitulia mahali pamoja tu: juu ya kilemba cha Mama Dorothée, cha kijani kama majani ya kinamasi. Mama Dorothée akikohoa, ameondoka. Akigeuza shingo, ameondoka.

Basi Jumapili iliyotangulia Matawi, Mama Dorothée alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, akafunga kilemba, akasimama mbele ya kanisa, akaganda. Sifa zikapita. Sadaka ya kwanza ikapita. Miguu ilimvimba ndani ya viatu, machozi ya uchovu yakamtiririka, hakuyafuta. Kereng'ende alikuja, akazunguka, akatua.

"Mama, nakuomba, usisogee," alinong'ona Évariste.

"Évariste," alisema Mama Dorothée bila kufungua meno, "unamwambia nani? Nimekwambia sihami."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Évariste alitaka cha kilembani, kwa hiyo alipanda kiti, kisha ngoma, kisha spika kubwa ambayo wazee walikuwa wamemkataza kuigusa. Kamera ikalia mara moja.

Évariste alitazama kioo cha kamera, akakuza picha. Uso mweupe. Mgongo mweusi. Karibu na mkia, doa moja.

"Njano!" alipiga kelele kutoka juu ya spika. "Njano, ndugu zangu! Njano ya limau!"

Lo, vigelegele vile! Wazee walirushana makoti. Vainqueur alimbeba Pasta begani akazunguka naye ukumbi mzima. Mama Dorothée hatimaye aliketi chini, miguu ameinyoosha, akilia na kucheka kwa pamoja. Watu wa duka la mazulia walipanda kuuliza nani ameoa.

Afisa wa mazingira aliithibitisha picha siku iliyofuata. Alikuja mwenyewe na mabuti ya mpira na kijichujio, akachota kwenye birika, akakuta watoto wa kereng'ende wengi na wenye afya. Wakili wa mwenye jengo aliuliza kama wadudu hao hawawezi kupelekwa kwenye ziwa lolote. Afisa akajibu kwamba haiwezekani, kwa kuwa wamekwisha kuhamishwa vya kutosha.

Uamuzi wa ofisi ya mazingira ulisomwa kanisani siku ya Pasaka, na aliyeusoma ni Mama Dorothée. Jengo lisibomolewe. Maji yasiguswe. Joto lisipunguzwe. Kelele ambazo viumbe wamezizoea ziendelee kama zilivyokuwa. Kanisa lenyewe halikutajwa. Lilikuwa humo ndani ya neno kelele. Alipofika kwenye mstari wa mwisho, "kiumbe huyu asihamishwe," aliurudia mara kadhaa, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, na kanisa likajibu ameni mpaka madirisha yakatetemeka. Tumeshinda, walisema, na kweli walikuwa wameshinda. Waliobatizwa mwaka huo walizamishwa katika ziwa la Alby, ambalo barafu yake ilikuwa haijaisha, wakatoka midomo imebadilika rangi, wakiimba.

Baada ya ibada kulikuwa na chakula, na afisa alibakishwa kula. Mama Dorothée alimpakulia wali na sombe, kisamvu cha kwao, akaketi karibu naye, akamuuliza kwa Kiswidi kama kuna sheria ya namna ile kwa ajili ya watu.

Afisa aliweka uma chini, akafikiri. Hakuwa mtu wa kujibu ovyo. Alisema hapana, hakuna anayoijua. Sheria ile inawalinda waliobaki wachache.

"Na ninyi," alisema, akiutazama ukumbi uliojaa, "mko wengi."

Mama Dorothée aligeuka, akawatazama, akakubali kwamba walikuwa wengi. Akamwongezea sombe, akainuka kwenda kuanzisha wimbo.