Baba Yetu Moja kwa Kila Mkate

1.

Kabla hujauliza: ndiyo, ni mimi. Subilaga. Yule wa benchi la mwisho, aliyetengwa na Meza ya Bwana, mwaka wa saba huu. Karatasi hizi nimezikusanya mwenyewe. Nyingine nimeambiwa nizirudishe ofisini.

Sirudishi.

2.

DONDOO ZA KIKAO CHA BARAZA LA WAZEE, USHARIKA WA MLIMANI

Ajenda ya 3: Nidhamu.
Ilielezwa kuwa binti Subilaga Mwakabana, mwanakwaya, sauti ya pili, ni mjamzito na hana ndoa. Alipoitwa alimtaja mhusika. Mhusika aliitwa, akakana. Baraza liliridhika na maelezo ya mhusika.
Azimio: Subilaga atengwe. Asishiriki Meza ya Bwana. Asiimbe. Asishike huduma yoyote. Akae benchi la mwisho hadi atakapotubu mbele ya usharika.

Ajenda ya 4: Bati la choo.

Kikao kilifungwa kwa sala.

3.

Nilimtaja. Akakana. Wakaridhika.

Anaimba besi. Sitamtaja tena hapa, alitajwa mara moja na hakuna aliyetaka kusikia. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi anakwenda mbele, anapiga magoti, anafumba macho vizuri kabisa, anakula mkate.

Mkate wangu.

4.

(Bibi Tupokigwe, aliyenifundisha kuoka. Nilimrekodi kwa simu akiwa anamenya ndizi.)

"Koleo hilo ni chuma tupu, mjukuu wangu. Mikono miwili mirefu, na huku mwishoni sahani mbili zinafunikana, moja imechongwa msalaba. Mimi nimezaliwa nimelikuta. Unalipasha kwenye makaa, unalipaka nta ya nyuki, unamimina uji wa ngano, hakuna chumvi hakuna hamira, unafunga. Sasa, saa hatukuwa nayo. Saa ya nini? Unasema Baba Yetu moja, polepole, unavyoongea na mtu. Ukifika pale pa kusamehewa unageuza. Ukifika Amina unafungua. Ukiharakisha, mkate mbichi. Ukisinzia, umeungua. Nimeoka miaka arobaini, macho yakakataa, nikampa Subilaga kwa sababu hana papara. Siku wanamtenga niliwauliza, na mkate je? Hakuna aliyenisikia. Wanaume wakishaingia kwenye kikao hawasikii. Nipe kisu kile."

5.

Yaliyosikika uwanja wa kanisa, Jumapili ya kwanza baada ya mimi kutengwa:

— Ile ilikuwa nini?
— Chapati.
— Ya nani?
— Ya mke wa katibu. Koleo limemshinda, mikate yote imegandia kwenye chuma. Akaona akate chapati.
— Mimi nimeona mafuta yanamchuruzika Mchungaji mpaka kwenye kiwiko.
— Usicheke, tuko kanisani.
— Sicheki.
— Unacheka.

6.

DONDOO ZA KIKAO CHA DHARURA

Ajenda pekee: Mkate.
6.1 Baraza lilijadili kwa kirefu iwapo kuoka ni huduma.
6.2 Katibu, Mzee Gwamaka, alieleza kuwa kuoka si huduma bali ni kazi ya mikono, sawa na kufyeka uwanja. Wajumbe walipokea maelezo kwa shukrani.
6.3 Azimio: Aliyetengwa aendelee kuoka nyumbani kwake. Mkate uachwe mlango wa nyuma wa ofisi kila Jumamosi asubuhi kabla ya Jumapili ya Meza.
6.4 Mwokaji asile.

7.

Soma tena hiyo ya mwisho.

Nilikuwa na mimba ya miezi sita. Baba alikuwa amenitoa nyumbani na kuniambia nisimwite baba. Nilikuwa naishi chumba cha nyuma kwa Bibi Tupokigwe, mimi na magunia ya viazi. Na nikakubali kuoka. Utaniuliza kwa nini. Kwa ukaidi, ndugu msomaji. Nilitaka kila atakayemeza ameze jasho langu. Usinivishe utakatifu ambao sikuwa nao.

Sala sikusema. Nilihesabu. Moja, mbili, tatu, mpaka ishirini, nageuza; tena mpaka ishirini, nafungua. Mikate ikatoka vizuri tu. Nikafurahi, maana niliona kumbe Mungu hahitajiki hata kwenye mkate wake mwenyewe.

8.

Alasiri. Mvua ya kwetu, ile ikianza inasahau kuacha. Mwanangu Tumpe ana miezi mitatu, amelala kwenye kapu kando ya jiko. Nimechoka, hesabu imenipotea katikati, na mdomo wenyewe ukarudi kwenye ile ya zamani, kwa mazoea:

Baba

      Baba

            Ba

Haikuendelea. Neno lile nilikuwa nimekatazwa kulitumia. Mkono umeshika koleo, nanusa kabisa kwamba mkate unaungua, na mimi nimekwama kwenye neno la kwanza.

Nikasema, kwa sauti, kwa hasira: na wewe sema basi. Sema masharti yako. Nisimame wapi, nisome karatasi gani, nimkane nani ndipo unisikie. Sema, nipo.

Nikangoja masharti.



Nikangoja.



Hayakuja.

Kilichokuja hakiingii kwenye dondoo. Nilipendwa. Nimelitafuta neno jingine miaka hii yote na sijalipata. Nilipendwa vilevile nilivyo, unga kwenye nywele, maziwa yamelowesha blauzi, mkate umekuwa mkaa mkononi. Sikuwa nimetubu kitu. Sikuwa nimemsamehe mtu. Hakuna aliyeniuliza. Nililia mpaka Tumpe akaamka akalia na yeye, na nilipomwona anavyokunja uso nikacheka. Kisha nikakwangua chuma, nikapaka nta, nikamimina mwingine, nikasema Baba Yetu mpaka Amina.

Sijahesabu tena tangu siku hiyo.

9.

(Tumpe, miaka sita. Anasema, mimi naandika.)

"Mama akioka mimi nakaa kwenye kigoda. Kazi yangu ni kusema geuza. Mama akifika kwenye utusamehe, mimi nasema geuza. Makombo ni yangu. Kanisani tunakaa nyuma kabisa. Watu wakienda kula mama haendi. Nikamuuliza, mama, huna njaa? Akasema ninayo. Nikamuuliza, sasa? Akasema imba."

10.

FOMU NA. 7: KURUDI KUNDINI
(isomwe kwa sauti mbele ya usharika)

Mimi   Subilaga Mwakabana   nakiri mbele za Mungu na usharika huu kwamba nilimzaa   Tumpe   xxxxxx xxxxxx na kwamba xxxxxxx kumzaa.

Penye x nimekata mimi. Palikuwa na maneno *katika dhambi*. Palikuwa na neno *ninajuta*. Kalamu ilikuwa ya bluu na niliikandamiza.

Nyuma ya fomu niliandika, kwa sababu sikatai kutubu, mimi nina mengi:

Ninajuta
   kumchukia baba yangu, hasa ule mwaka wa kwanza
   kumwombea mwimba besi apotewe na sauti
   kuoka kwa ukaidi
   kusema Mungu hahitajiki
   kuicheka chapati (hili bado sijamaliza)

Sijuti
   Tumpe

11.

Kumb. Na. UM/NDH/11

Dada Subilaga,

Fomu uliyorudisha haikukamilika, na baraza halipokei fomu yenye marekebisho. Unatakiwa kujaza fomu mpya, safi, kabla ya Jumapili ya Meza ijayo. Usipofanya hivyo, jina lako litaondolewa katika daftari la washarika. Mkate wa mwezi huu oka kama kawaida. Baada ya hapo mkate utaagizwa kutoka mjini, na koleo, ambalo ni mali ya usharika, ulilete ofisini.

Bwana akubariki.
Gwamaka, Katibu

12.

Mchungaji Ambilikile ana miezi minne tu kwetu. Ijumaa alikuja mwenyewe, kwa miguu, viatu vimejaa tope, fomu mpya mkononi. Bibi Tupokigwe akamwekea kiti. Alikataa chai, kisha akaikubali.

"Dada Subilaga, ni mstari mmoja tu."

"Ndiyo, Mchungaji."

"Unausoma, unakwisha, unarudi mezani. Mimi nataka urudi. Sikufichi."

"Mtoto yule pale kwenye kigoda, Mchungaji. Msomee yeye kwanza. Akikubali, Jumapili nasoma."

Aliichukua ile karatasi. Alimtazama Tumpe, Tumpe akamtazama. Akafungua kinywa, akasema, "Mimi

Akaikunja, akaiweka mfukoni.

"Jumapili utakuja?"

"Sijawahi kukosa hata moja."

"Utakaa wapi?"

Makaa yalikuwa yameshika. Nikainuka nikachukua koleo.

13.

Alipoondoka, Tumpe alisema na yeye anataka kushika. Mikono ya koleo ni mirefu kuliko yeye. Nikasimama nyuma yake, nikaachia. Akaomba mwenyewe, neno kwa neno, akajiambia mwenyewe geuza, akageuza. Kwenye Amina akawa amefurahi mno, akasahau kufungua.

Ukaungua ukingo. Upande mmoja, kahawia nzito, karibu na mkono wa kulia wa msalaba.

Ulioungua huenda kwenye makombo. Ndiyo sheria, Bibi alinifundisha hivyo, na yeye alifundishwa hivyo.

Nikauweka kwenye bati pamoja na mingine.

14.

Jumapili. Minong'ono, kutoka nyuma kwenda mbele:

— Amepita.
— Nani?
— Subilaga. Benchi la kwanza. Na mtoto.
— Fomu amesaini?
— Ana koleo mapajani, limefungwa kwenye kitenge.
— Sasa anataka kumpiga nani?

Simpigi mtu. Wamesema nilete, nimeleta. Ila ofisi imefungwa siku ya ibada, na mimi siachi kitu cha Bwana mlango wa nyuma tena.

15.

Tunasema Baba Yetu. Usharika wetu huikimbiza. Leo Bibi Tupokigwe anaivuta, kwa sauti yake ya mikwaruzo, mwendo wa jikoni, na mimi namfuata, na akina mama upande wa kushoto wanatufuata, hadi kwaya inalazimika kupunguza mwendo. Tunafika pale pa kusamehewa.

"Geuza," anasema Tumpe.

Kwa sauti yake yote.

Mtu anacheka. Mwingine anacheka. Mwimba besi anaangalia viatu vyake.

Mzee Gwamaka anasimama. "Mchungaji, kwa mujibu wa utaratibu, kabla hatujaendelea

"Keti, Mzee," anasema Mchungaji. Anasema kwa adabu, wala hapandishi sauti. Mzee Gwamaka hakai. Anashika egemeo la kiti chake.

16.

Nakuandikia wewe uliye kwenye benchi la mwisho kwenye usharika mwingine, nisiyekujua jina. Sikuja mbele ili nipendwe. Hilo lilikwisha kitambo, jikoni, mkate ukiungua. Wakilifuta jina langu kwenye daftari leo, nitarudi nyumbani nimependwa. Wakinipa mkate, nitarudi nimependwa na nimekula. Nimekuja kwa sababu nina njaa, na meza si yao.

17.

Wanapiga magoti kumi kumi. Ninapiga magoti. Koleo nimeliweka sakafuni, Tumpe amelikalia. Mchungaji anaanzia kushoto. Nasikia mkate wangu unavunjika, ule mlio mdogo mkavu, nausikia kila mwezi kutoka nyuma, na leo uko karibu.

Wa nane.

Wa tisa.

Viatu vyake vimesimama mbele yangu. Vimesafishwa, ila tope la kwetu halitoki lote kwenye mshono.

Ameshika kipande. Nakijua. Kahawia nzito, upande mmoja, karibu na mkono wa kulia wa msalaba.

Tumpe naye amekiona. "Mama," anasema, taratibu safari hii, "ule ni

Mchungaji anakitazama kipande. Anamtazama mtoto. Nyuma yangu kiti cha Mzee Gwamaka kinalia.

Mkono wangu uko wazi. Una kovu la chuma kwenye kidole gumba na chini ya kucha kuna unga. Siushushi.

Naanza tena moyoni, kwa mwendo wa jikoni. Sina haraka.

Baba