Kurasa za Uzi Mwekundu

Kaka yangu Saifuddin alikuwa mtu wa kuogopa hata mende, lakini akishika kalamu alitisha watu wazima. Riwaya yake, Mgeni wa Ghorofani, aliiandika kwa Kigujarati hapa hapa nyumbani kwetu, mtaa wa Kuze, ikachapishwa Bombay mwaka wa arobaini na moja. Ni habari ya mgeni aliyepanga juu ya nyumba ya Mabohora kama sisi. Kila jioni hushuka kula nao, na kila akishuka, mmoja wa familia hutoweka. Kitabu kinene vile, na hakuna hata mlo mmoja unaofika mwisho: mara taa huzimika, mara mtu hupiga ukelele ghorofani, wote wakaacha chakula na kukimbia. Mimi nilimwambia wazi kwamba mtu mwenye akili zake haandiki mambo hayo karibu na chumba anacholala mama yake. Alicheka tu.

Mwaka uliofuata alipanda meli kwenda kuonana na mchapishaji, na meli ikazamishwa vitani. Wako waliookolewa, wako waliookotwa maiti. Saifuddin hakutajwa miongoni mwa hawa wala wale.

Sisi Mabohora hula pamoja kwenye sinia moja kubwa. Kabla ya yote kila mmoja huonja chumvi kidogo, na chakula kikisha kibakuli cha chumvi huzungushwa tena, kila mmoja akaonja, ndipo mlo ukawa umekwisha. Mtoto wetu huyajua hayo kabla hajajua kutembea. Siku ya safari, honi ya teksi ililia chini wakati tungali tunakula. Saifuddin alinawa mbio, akambusu Mama mkono na kuondoka kabla chumvi ya pili haijamfikia. Tangu siku hiyo Mama hakuionja tena chumvi ya kumalizia. Sisi tukionja, yeye husukuma kibakuli. "Mlo ule haujesha," alikuwa akisema. "Akirudi tutaumaliza." Nilibishana naye mpaka nikachoka.

Baadaye mtoto wa jicho akamwingia macho yote mawili, ikawa kazi yangu kumsomea. Na unadhani alitaka nimsomee nini? Kitabu hicho hicho. Kila alasiri, mgeni na ghorofa yake. Alikihifadhi chote, nikiruka neno ananirudisha. Bimdogo, jirani yetu wa mlango unaotazamana na wetu, alikuja na kofia anayoidarizi nikimfasiria kwa Kiswahili. Aliapa kila siku kwamba hatarudi kusikiliza balaa lile, na kesho yake unamkuta amefika kabla yangu.

Mwaka wa arobaini na saba, Dawoodbhai muuza vitabu akaja mwenyewe mpaka mlangoni na kitabu ndani ya karatasi ya kaki. Mgeni wa Ghorofani, toleo jipya, nene kama tofali. Chini ya jina la kaka yangu palikuwa na maneno haya: Limeongezwa na mwandishi mwenyewe.

Nilimsomea Mama.

"Mwandishi mwenyewe," alisema. "Umesikia, Sabira?"

"Mama, wachapishaji wataandika lolote kitabu kiuzwe. Labda ni kurasa za zamani walizozipunguza."

"Basi soma tujue. Kama ni za zamani, ni za zamani. Na kama ameziandika baada ya meli ile, mwanangu yu hai."

Tukaanza. Mimi na kitabu kipya mkononi, cha zamani pajani, na Mama akisikiliza ameinamisha kichwa. Nikifika mahali pasipokuwa katika kile cha kwanza, alinyanyua kidole. "Mpya hiyo." Nikatazama pajani, nikakuta kweli haimo, nikatia uzi mwekundu wa Bimdogo katikati ya kurasa. Kidole hakikukosea hata mara moja. Uzi ukawa mwingi, lakini hakuna uliotuambia kitu: kuta zinazotoka jasho, paka asiye na kivuli, upuuzi ambao Saifuddin angeweza kuuandika wakati wowote.

Kisha tukafika pale ambapo binti wa nyumba anasimama dirishani. Nilisoma: "Vita vilikuwa vimekwisha, na taa za mji zimewashwa tena."

Mama hakunyanyua kidole. Alinishika mkono akaubana.

Vita vilikwisha mwaka wa arobaini na tano. Mtu aliyezama arobaini na mbili angeyajuaje?

"Wallahi yu hai!" Bimdogo alitupa kofia akasimama. "Maiti haandiki, mwanangu! Shukuruni Mngu!" Akapiga vigelegele hadi watu wa kichochoroni wakatoa vichwa madirishani kuuliza nani anaolewa.

Nami, pamoja na ulimi wangu huu, niliamini. Nilitoa godoro la Saifuddin juani, nikalipiga mpaka pamba ikaruka. Nikafua kofia zake. Nililia kwa furaha nikizianika, na sikuona haya. Pengine alipoteza kumbukumbu, nilijiambia, pengine alifungwa na Wajapani, pengine amemkasirikia mchapishaji na karibu atatokea mlangoni akitaka chai. Nilikwisha kupanga nitakavyomgombeza.

Siku iliyofuata ilibaki sura ya mwisho, na yote ilikuwa mpya. Mgeni amefukuzwa. Waliotoweka wamerudi. Sinia inawekwa, familia nzima inaizunguka, na kwa mara ya kwanza kitabuni watu wanakula kwa raha mpaka mwisho.

Nilisoma kwa sauti ya juu, mate yakinidondoka kwa maelezo ya pilau. Wanaonja chumvi kwanza, sawa, kama katika toleo la zamani. Wanakula wali, wanakula nyama, mwishowe halua. Macho yangu yakatangulia kwenye mstari wa mwisho, nikaitafuta chumvi ya pili, haimo.

Saifuddin hakuwahi kuandika mlo uliokwisha. Aliyeongeza kurasa hizi hakuwa na pa kunakili, na hakuwa mtu wetu.

"Mbona umenyamaza?" Mama aliuliza.

"Nameza mate." Nikaendelea, nikitia la kwangu. "Wakaonja chumvi ya kumalizia, wakanawa mikono, wakaondoka."

Bimdogo alitabasamu, sindano ikipanda na kushuka.

"Rudia, Sabira," Mama alisema.

"Wakaonja chumvi ya kumalizia..."

"Umevuta pumzi kabla ya chumvi," alisema. "Hukuvuta pumzi mahali pengine. Soma kilichoandikwa."

Ningeweza kuapa. Hajui ukurasa umesema nini, haoni, na Bimdogo hajui Kigujarati. Lakini alikuwa amenigeuzia yale macho meupe, na ulimi wangu wote ukaniishia.

"Wakanawa mikono, wakaondoka," nilisoma.

Bimdogo alitutazama mmoja mmoja. "Kuna nini? Si wamerudi wote?" Nikakifunga kitabu. Bimdogo akakusanya nyuzi zake, akaenda kwake bila kuaga.

Nilimtukana yule mwandishi wa kukodiwa, na mchapishaji, na karatasi aliyochapia. Nikasema nitakichoma kitabu. Mama hakunizuia wala hakunisikia.

Baada ya magharibi niliweka sinia, mimi na yeye tu kwenye sinia ya watu wanane. Alikula matonge machache. Tulipomaliza nilionja chumvi yangu na kukiweka kibakuli mbali naye, kama siku zote.

"Chumvi iko wapi?"

"Mama, usi..."

"Nipe."

Nikamsogezea. Alikitafuta kibakuli kwa vidole mpaka akakipata, akachovya, akaweka ulimini. Alikaa nayo muda, kisha akameza.

"Mwanangu ameshakula," alisema. "Toa sinia."