Kiti cha Kwa Vonza

Mbinya alikuwa na miaka ishirini na saba na tayari alikuwa ameacha kazi sita. Saluni aliiacha kwa sababu ya kusimama mahali pamoja kutwa. Kufundisha chekechea huko kwao Kanyangi aliacha muhula wa pili, siku aliyogundua kwamba anaingoja kengele kuliko wale watoto. Nyingine tusizitaje, maana mama yake akizisikia presha inapanda.

Kaka yake Jonah, mwenye duka la vitabu na sare za shule mjini Kwa Vonza, alikuwa amemwekea kiti nyuma ya kaunta. Kiti chenyewe kilikuwa na mto, umeshonwa vizuri.

"Hii kazi ya miche ikikushinda," Jonah alimwambia mbele ya mama yao, "unakuja kuketi hapa na hutoki tena. Tumesikizana?"

Mbinya aliitikia kwa sababu mama alikuwa analia. Lakini kila alipokifikiria kile kiti, na wavu wa dirishani, na watu wakimwomba kalamu nyekundu mpaka mvi zimwote, miguu ilimwasha. Alikiogopa kuliko njaa.

Kazi ya miche ilikuwa Emali, kwenye kitalu cha Wamaitha, mjane wa Murang'a ambaye mji mzima ulimwita Mama Kiama. Pale walibebesha miembe. Mche wa kienyeji unakatwa kichwa, unapasuliwa, unachomekwa kitawi cha embe tamu, kisha kidonda kinafungwa kwa utepe wa nailoni. Baada ya hapo unangoja wiki tatu, hata nne. Kukata na kuchomeka Mbinya alikujua kwa siku mbili. Kisu kilimkaa mkononi tangu asubuhi ya kwanza, na Mama Kiama, ambaye si mtu wa kusifu ovyo, alimwongezea chai.

Shida ilikuwa huko kwenye kungoja. Alijaribu, tusimsingizie. Alifagia, akamwagilia, akapanga ndoo, akazipangua. Siku ya tatu akafungua utepe mmoja, kidogo tu, aone kama kumeshika, akaufunga. Siku ya nne akafungua kumi. Kufikia wiki ya pili hakukuwa na mche aliobebesha ambao hajauchungulia, na vitawi vyote vilikuwa vimekauka, vyeusi mpaka ndani.

"Nani amefungua hii miche?" Mama Kiama aliuliza.

"Hakuna mtu, Mama Kiama. Labda ni jua."

"Jua linafunga utepe? Nilikufundisha kufunga kutoka chini ukipanda, vile mabati hulaliana, maji yasiingie. Hii yote sitini imefungwa haraka haraka kutoka juu." Aliutupa mche chini. "Mkono unao, Mbinya. Lakini kitu hukiachi kipone. Rudi kwa ndugu yako."

Angetukanwa ingekuwa afadhali. Mbinya alimpigia Jonah, akamwambia atafika Jumatatu, kisha akakunja nguo zake akilia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe.

Alikuwa mlangoni na begi Jumamosi hiyo Abdisamad alipoingia. Alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, na siku hiyo hakuwa na salamu ndefu.

"Mama Kiama, ulinifupishia matawi ya mwembe tangu mwaka jana. Ukasema machipukizi yakitoka utarudi kubebesha. Yametoka, wewe hujatoka. Hani ananiuliza kila siku kivuli chake kiko wapi."

Mama Kiama alishika magoti yake. Yalikuwa yamevimba, ngazi hakuiweza tena. Akamtazama Mbinya na begi lake, akampa kisu na vitawi vilivyofungwa kwa gazeti lenye maji.

"Maliza huo mti, halafu uende."

Mbinya alipanda. Aliruka kutoka tawi hadi tawi, akabebesha machipukizi ishirini na mawili kabla ya adhuhuri, akifunga kila utepe kutoka chini kwenda juu. Hani, mke wa Abdisamad, alimshikia ngazi akimtania kwamba anahangaika kama mbuzi aliyeona mahindi. Jumapili asubuhi Mbinya alikuwa tayari langoni.

"Nimekuja kuangalia kidogo tu."

"Wallahi hugusi," Hani alisema, lango nusu wazi. "Mama Kiama amenipigia, ameniambia wewe nani. Kama mikono inakuwasha, jirani yangu ana mwembe mbaya kuliko wangu. Machipukizi yake yako tayari. Nenda huko."

Alienda. Jirani alikuwa na shemeji upande wa Sultan Hamud, na shemeji alikuwa na miembe minne. Mbinya alimwambia Jonah atafika Jumanne. Halafu Alhamisi. Halafu akaacha kumtajia siku. Mama Kiama alimpa vitawi huku amenuna, kisha akampa bila kununa. Kila boma lilikuwa na mti wake na ukaidi wake, na kabla utepe haujaanza kumwita alikuwa tayari ameshafika boma lingine, ngazi begani.

Simu ya Hani ilimkuta mtini. "Njoo uone. Ni mekundu!"

Hapo ndipo Mbinya alipohesabu. Siku ishirini na sita, na hakuwa amechungulia hata mara moja. Alikuwa amesahau.

Alifika mbio. Juu ya utepe, majani machanga mekundu yalikuwa yamechomoza, laini, kwenye machipukizi kumi na tisa kati ya ishirini na mawili. Alilia mbele ya watu na hakujali.

"Sasa fungua," Hani alisema.

Mkono ulikwenda, ukarudi. "Bado. Tuyape wiki moja tena."

Simu ikalia. Alikuwa Jonah, na nyuma yake Mbinya alisikia mtu akiomba kalamu.

"Sasa Mbinya, mwezi ndio huu unaisha. Wewe uko wapi? Kiti kinakungoja."

Mbinya aliinua ngazi akaitia begani. Huko Kanyangi kulikuwa na mtu mwenye miembe saba.

"Kiuze, Jonah," alisema. "Mto mpe mama."