Wimbo wa Kupondea Udongo

"Mbona leo unauvuta?" Anyosisye aliuliza, mkono wake mmoja ukiwa bado ndani ya chungu kibichi. "Huo wimbo hauimbwi hivyo."

Felista alinyamaza ghafla, kama mtu aliyefumaniwa katika nyumba isiyo yake. Kokoto aliyokuwa akilainishia chungu ikasimama.

Kila mtu pale Ikombe aliujua wimbo ule. Ulikuwa wimbo wa kupondea udongo: wanawake watatu, michi mitatu, jiwe moja, mapigo yakifukuzana mpaka jasho liteleze mgongoni. Aliyekuja nao ni Felista mwenyewe, misimu miwili iliyopita, alipoteremka kutoka Upangwa, nyuma ya milima, akiwa mifupa mitupu na chungu kimoja kichwani. Hakuna aliyemchimba kwa maswali. Vita vya majimaji vilikuwa vimekwisha huko juu, na jumbe alikwisha kutangaza kwamba atakayevitaja, kwa mdomo au kwa ngoma, atapelekwa Boma akaonje kiboko. Basi watu wakaupokea wimbo, habari wakaziacha zilipo. Ulikuwa mtamu, ulipunguza uzito wa mchi, na maneno yake nani aliyajali? Kipangwa cha Felista na Kikisi cha watu wa Ikombe ni ndugu, lakini kwa kasi ile hata ndugu yako akikupita mbio humtambui. Watoto waliuchezea mchangani. Mwaka jana uliimbwa harusini, na bibi harusi akacheka mpaka shanga zikamkatika.

Siku hiyo udongo wa kuponda ulikuwa umekwisha. Felista, ambaye siku zote alikimbilia mchi na kukwepa kazi ya kukaa, akapewa kokoto. Sasa, kulainisha chungu hakutaki pupa; ukiharakisha kokoto inachimba, na kazi ya asubuhi nzima inaharibika. Mkono ulikwenda taratibu, wimbo ukaufuata mkono, na maneno yaliyozoea kupeperuka kama pumba yakaanza kutua moja moja.

Anyosisye aliyasikia yote. Alikuwa mtu wa kuchokonoa mambo tangu utotoni. Mama yake alisema mtoto huyu akiona shimo lazima atie mkono, hata likiwa la nyoka.

"Imba tena," alisema.

"Nimesahau."

"Umesahau wimbo uliotufundisha wewe? Dada Felista, mimi si jumbe. Umesema ghala zinawaka na watu wanaota moto wake. Ghala za nani?"

Felista alitazama ziwa. Mitumbwi ilikuwa mbali, na ufukweni hapakuwa na mtu ila wao wawili na safu ya vyungu vinavyokauka.

"Za kwetu," akasema. "Wajerumani walichoma mashamba, wakachoma ghala. Walisema njaa itatumaliza upesi kuliko bunduki. Hawakukosea."

Anyosisye alikumbuka kicheko cha bibi harusi, akaona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. "Na sisi tukauchezea! Ukatuacha tu, dada?"

"Ukiimbwa mbio hakuna anayeusikiliza, mdogo wangu. Nilitaka uwepo, ila usisikike. Hata mimi mwenyewe nikiponda siusikii."

Mwingine angekomea hapo. Anyosisye hakukomea.

"Kuna mahali michi yote inaangukia pamoja, mara tatu. Pale kuna maneno gani?"

"Pale usiniulize."

Lakini mwenye jeraha lake hawezi kuacha kuuliza dawa. Miaka mitatu iliyopita kaka yake Anyosisye, Aliko, alikamatwa pamoja na vijana wengine wa pwani ya ziwa, wakabebeshwa mizigo ya Wajerumani kupanda milima kwenda kupigana na Wapangwa. Wanne walirudi, midomo imefungwa. Aliko hakurudi. Na kwa watu wa ufukwe ule hakuna matanga bila shahidi: aliyeona kwa macho yake lazima asimame mbele ya mama mzazi aseme mtu wake aliangukia wapi. Bila hivyo mama hanyoi nywele, halii, hamalizi. Mama yao, Angetile, alikuwa bado anamngoja. Kila jioni aliweka bakuli la Aliko mlangoni, na tangu mwaka ule hakuwahi kulala nje ya nyumba, asije mwanawe akakuta mlango umefungwa. Alikuwa anakwisha kidogo kidogo, na Anyosisye aliogopa kwamba atazikwa angali akingoja.

"Kaka yangu alipita njia hiyo na mzigo wao kichwani," alisema. "Nakuomba, dada."

Felista aliichukua tena kokoto. Bila kazi mkononi asingeweza. Akaimba chini chini, huku akizungusha chungu juu ya kigae chake:

*Mbeba mizigo wa ziwani akakiona chungu kitupu,*
*akasema: kwetu chungu hakitoki kitupu.*
*Akafungua gunia la waliotupora,*
*akatujazia ulezi wetu wenyewe.*
*Wakampigia risasi mtoni, viganja vimejaa ulezi.*

Anyosisye aliutambua mstari wa pili. Pwani ile bei ya chungu ni ujazo wake. Mnunuzi wa sokoni Ipyana hukijaza mahindi au maharage, anakimimina kapuni mwa mfinyanzi, ndipo anakwenda nacho. Mtoto wa mfinyanzi hulijua hilo kabla hajajua kuogelea. Lakini ni mpumbavu gani angelikumbuka mbele ya bunduki? Alimjua mmoja tu.

"Chungu kilikuwa cha nani?"

"Changu. Bibi yangu alikipata kwa watu wenu zamani. Nilikuwa nimekaa nacho kando ya njia, msafara unapita. Nilimwuliza jina nimshukuru, akanitajia. Aliko." Felista aliweka kokoto chini. "Ningekataa, angeishi. Sikukataa. Nilikuwa na njaa. Nikashuka huku kuwatafuta ndugu zake, nikamkuta mama yenu anaweka bakuli mlangoni. Nikashindwa. Nikashika mchi."

Misimu miwili! Anyosisye alimkasirikia. Misimu miwili mwanamke huyu amekula nao, amecheka nao, na jibu amelibana kifuani. Alitamani kumrushia chungu alichokishika. Akakiweka chini polepole, kwa kuwa hakikuwa na kosa.

"Simama," alisema. "Twende kwa mama."

"Na jumbe?"

"Jumbe hana mtoto aliyeliwa na milima."

Angetile alikuwa uani akichambua maharage. Felista alisimama mbele yake.

"Siwezi kusema, mama. Naweza kuimba tu."

"Basi imba," alisema Angetile, akifikiri labda ni mchezo.

Felista aliimba. Kwenye mstari wa pili mkono wa Angetile ulisimama juu ya ungo. "Si ndio wimbo wenu wa kuponda?"

"Ndio, mama. Sikiliza," Anyosisye alisema.

Ezekia, tarishi wa jumbe, alikuwa anapita njiani na kofia yake nyekundu. "Ugonile, mama," alisalimu, kama kawaida yake. Hakuitikiwa, jambo ambalo halikuwahi kumtokea kwenye uwanja ule. Akasogea karibu, akasikia, na uso wake ukabadilika.

"Mama, mnajua huo umekatazwa?"

Angetile hakumgeukia. "Kama unakwenda kusema, mwanangu, kaseme. Ila ngoja kwanza amalize."

Felista alimaliza. Alitaja mto, akataja jina la Aliko. Kuku waliingia kwenye maharage na hakuna aliyewafukuza.

Angetile aliuliza jambo moja.

"Alikuwa amekonda?"

Anyosisye alimwomba Mungu Felista aseme uongo. Felista hakusema uongo.

"Alikuwa amekonda, mama. Mabega yalikuwa mifupa."

"Na ule ulezi, yeye hakuula?"

"Hakuonja hata punje."

"Ndaga, mwanangu," alisema Angetile, na Felista, ambaye kwa misimu miwili alikuwa amejiandaa kwa kila tusi, alipiga magoti na kuangua kilio kwa shukrani ile.

Angetile aliingia ndani, akatoka na wembe na maji katika kibuyu. Alimpa Anyosisye wembe, akaketi chini akimpa mgongo, akainamisha shingo. Nywele zilikuwa nyingi, nyeupe, zimesongamana miaka mitatu.

"Anza tena," alimwambia Felista. "Hivyo hivyo polepole."

Anyosisye alizilowesha nywele za mama yake. Nyuma yao Ezekia alikuwa amevua kofia, anaigeuza geuza mkononi, mguu mmoja njiani na mmoja uani.