Kabureta ya Nyuma

Delmar Hoyt alifika bila kupiga simu. Aliirudisha Pontiac ya kijani kinyumenyume mpaka mlangoni mwa gereji, akazima injini, akashuka na kufuta boneti kwa kiganja kana kwamba ilikuwa na vumbi. Haikuwa na vumbi. Tangu gari lile litoke mikononi mwa Verlin Stroup miaka kumi na minane iliyopita, halikuwahi kuonekana na vumbi hata siku moja, na Verlin alimchukia Delmar kwa hilo pia.

"Mzee, nisetie zile kabureta," Delmar alisema. "Mwezi ujao nalipeleka mnadani, Indiana. Wakiliwasha pale mbele nataka watu wasimame."

Verlin alikuwa anafunga plagi ya mashine ya kukatia nyasi. Hakuinua kichwa. "Mnadani?"

"Mnadani, bwana. Magoti yangu hayaitaki tena klachi."

Ahadi ni deni, wanasema, ila ziko ahadi ambazo mwenye kuahidi huzisahau kabla mkono haujakauka jasho. Mwaka ule Arlene, mke wa Verlin, alipokuwa amelazwa hospitali Toledo na bili zinapanda, Verlin aliliuza gari alilolijenga mwenyewe, boliti kwa boliti, na alimchagua Delmar kwa sababu Delmar alimpa mkono akasema: siku nikilichoka, linarudi kwako kwanza. Hawakuandikishana. Katika mji wao ule wa Ohio, mtu akikudai karatasi baada ya kupeana mikono amekutukana. Arlene alikufa hata hivyo. Gari likabaki kupita mbele ya nyumba kila Jumamosi, na Verlin, akiwa jikoni anakaanga mayai yake mawili, alijua bila kuchungulia dirishani lilikuwa kwenye gia ya ngapi.

"Ulisema nitakuwa wa kwanza," alisema.

"Sasa si ndiyo nakwambia? Wa kwanza kabisa. Hata Boyd, mwenzetu wa Jumamosi, hajui." Delmar alicheka kicheko chake cha dukani, kile cha kuuzia matrekta.

"Niuzie mimi, Delmar."

"Wewe? Na hiyo pensheni yako? Acha utani, bwana. Kule watu wanakuja na ndege zao." Akampiga bega, kwa upendo kabisa, na hapo ndipo palipouma. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alikuwa amesahau tu.

"Acha funguo," Verlin akasema.

Sasa, kabureta tatu juu ya injini moja ni kama ndugu watatu katika nyumba moja. Ya katikati ndiyo inayofanya kazi mchana kutwa. Ya mbele na ya nyuma zimelala, zinangoja dereva akanyage mafuta kwa hasira ndipo ziamke. Lakini zikilala lazima zilale kweli. Kilango cha mojawapo kikibaki wazi japo upana wa ukucha, injini inavuta hewa isiyoihitaji, na gari likisimama kwenye taa linamisi na kutetemeka. Mafundi wengine walitumia vipimo. Verlin alitumia kipande cha mpira wa petroli: ncha moja sikioni, ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta. Ya katikati ilipaswa kuvuma. Za pembeni zilipaswa kunyamaza kabisa. Kwa miaka arobaini watu walitoka wilaya tatu kumletea magari yao, kwa sababu hakuna sikio lililokijua kimya kile kama sikio la Verlin Stroup. Hakuwa na cheti ukutani. Alikuwa na sikio.

Alhamisi asubuhi alilirekebisha gari vizuri. Hakuweza kujizuia, mikono ilimtangulia. Kufikia saa sita mchana lilikuwa linanguruma taratibu, limetulia, na Verlin alikwenda akakaa kwenye kiti cha abiria, alipokuwa akikaa Arlene, akalia kidogo kwa hasira. Kisha akawaza. Gari linalokohoa haliuziki mnadani. Na Verlin alimjua Delmar: kitu kikimsumbua mara mbili, cha tatu anakitoa nyumbani. Mashine ya barafu ilimsumbua, ikatoka. Mbwa alimsumbua, akatoka.

Akachukua spana namba kumi na moja, akakirefusha kijiti chembamba cha chuma kinachovuta kilango cha kabureta ya nyuma. Nusu mzunguko tu. Akaweka mpira sikioni. Pale palipokuwa na kimya, pakawa na mfyonzo mdogo, na gari likaanza kutikisika kama mtu mwenye homa. Katika maisha yake hakuwahi kumkabidhi mtu gari likiwa hivyo. Alinawa mikono mara mbili.

Delmar alilichukua Ijumaa. Jumatatu alilirudisha.

"Linamisi, Verlin. Likisimama tu linataka kuzima."

Verlin aliinama juu ya injini na mpira wake, akasikiliza kwa muda mrefu. Mfyonzo ulikuwa pale pale, wazi kama maji ya bomba. "Mimi sisikii kitu," akasema.

"Husikii kitu?"

"Zimechoka, basi. Kabureta tatu huwa zinafika mahali zinakataa. Hazitapona hizi. Ningekuwa wewe ningeachana nalo, nimwachie mtu mwenye muda wa kuhangaika nalo."

Delmar aliutazama mpira, halafu akalitazama sikio la Verlin. Alishukuru kwa sauti ya chini, akaondoka. Verlin alisimama mlangoni akilisikiliza gari likitetemeka mpaka kona, na moyo ulimruka kwa furaha. Alipanga hata mahali atakapoliegesha.

Jumamosi ilikuwa siku ya magari. Walikutana kama kawaida kwenye uwanja wa kibanda cha soseji, maboneti wazi, viti vya kukunja vimepangwa, wazee wakinywa soda na kusema uongo. Pontiac ya kijani iliingia, ikasimama, na haikutetemeka hata kidogo. Verlin aliikaribia kabla boneti haijafunguliwa. Alikuwa amekwisha kusikia. Ulikuwa mvumo mmoja, laini, usio na mtu ndani yake.

Kabureta zote tatu hazikuwapo. Mahali pake palikaa kitu kimoja cheupe kinachong'aa, cha kunyunyizia petroli kwa umeme, na nyaya zikienda kwenye kijisanduku cha kompyuta.

"Gereji moja ya Dayton," Delmar alisema. "Siku mbili tu. Ufunguo unageuza, linawaka, basi."

"Na zile?"

Delmar alifungua buti akatoa boksi la karatasi. Kabureta tatu zilikuwa ndani, zimefungwa kwa magazeti. "Nimekuwekea wewe. Kile chuma cha chini kilichokuwa kimezibeba wamekitupa kwenye chakavu, lakini hizi nikasema hapana, hizi ni za Verlin." Akampa boksi, akashusha sauti, ila si vya kutosha. "Fundi wa kule alisikia kasoro hata hajainama. Kabureta ya nyuma ilikuwa inavuta hewa. Akasema ni nusu mzunguko tu, anairekebisha sasa hivi. Nikamwambia hapana, toa zote. Maana nilijiuliza, kama Verlin mwenyewe hasikii tena, hizi nani ataziseti?"

Boyd, aliyekuwa kwenye kiti cha jirani, aliangua kicheko. "Sikio la wilaya tatu! Kumbe limefunga duka!"

"Usimcheke," Delmar akasema kwa ukali. "Alikuwa bora kuliko nyinyi wote. Umri tu, jamani. Utatufika sote."

Viti viligeuka. Watu ambao Verlin aliwarekebishia magari kwa miaka arobaini walimtazama kwa huruma, na wa kwanza akaanza kuinuka ili ampishe kiti. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Verlin alikuwa chini kabisa anatazama juu. Neno moja lingemrudishia sikio lake. Angesema: nilisikia, nilisikia kila kitu, niliiharibu mwenyewe kwa spana namba kumi na moja. Lakini baada ya neno hilo asingekuwa fundi tena kwa mtu yeyote, wala mtu wa kupewa mkono.

"Verlin," Delmar aliita. "Kaa, mzee. Nikuletee soda?"

Nyuma yake Pontiac ilizimwa, na katika ule utulivu alisikia mafuta yakichuruzika kurudi kwenye tangi, alisikia Boyd akinong'ona, alisikia hata karatasi za magazeti zikisugua ndani ya boksi mikononi mwake.

Akainamisha kichwa, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Eh?" akasema. "Sema kwa nguvu kidogo, Delmar. Sikusikii."