Ndege Waliokuwepo

Kwa miaka kumi na miwili Hyacinthe alihesabu ndege wa msitu wa Nyagasenyi, na katika ofisi nzima ya misitu mjini Bujumbura hakuna aliyewahi kumkosoa. Msitu huo uko milimani, ukishapita Bugarama, kwenye baridi na ukungu, na hakuna mtu aliye hai anayejua miti yake ilianza kukua lini. Ndani yake kulikuwa na vituo arobaini, kila kimoja na kibati chenye namba kwenye shina la mti. Kila mwaka, mwezi wa tatu, alfajiri, Hyacinthe alisimama dakika kumi kwenye kila kituo na kuandika kila ndege aliyemsikia. Kuwasikia ndiyo kazi yenyewe, maana mle ndani wanaweza kuimba ndege kumi usimwone hata mmoja.

Miaka minne ya mwisho hesabu zilikuwa zikishuka. Januari mkuu wa ofisi, Népomuscène, alimwita.

"Nimesoma ripoti yako mara mbili," alisema. "Chozi wameisha, kinengenenge wameisha. Upande wa mashariki ndiyo mubaya zaidi. Ni kule wanakokata mianzi."

Upande wa mashariki wanawake wa milima ya jirani walikuwa na ruhusa ya kuingia siku mbili kwa wiki, chini ya usimamizi, kukata mianzi ya kusukia vikapu. Sasa barua ya kuwafungia ilikuwa imeshaandikwa. Ingetiwa sahihi kwenye mkutano wa mwisho wa Februari.

Hyacinthe aliwajua wanawake hao. Mkubwa wao, Irène, alikuwa akimpa viazi vya moto na maharage kila alipotoka msituni ameloa. Iliuma. Lakini hesabu alikuwa ameziandika yeye mwenyewe, kwa mkono wake, na hakujua angebishana na nani.

Wiki hiyohiyo alishuka mtaa wa Jabe kununua saa mpya ya mkononi, ya kumwamsha msituni mwezi wa tatu. Aliingia kwa Moosa, ambaye babu yake alitoka Omani na kufungua duka hilo la saa na redio. Moosa alichagua moja, akaibonyeza, akampa.

Hyacinthe aliiweka sikioni. "Hii imekufa."

"Imekufa namna gani? Iko inalia, muzee."

"Mi sisikie kitu."

Moosa aliichukua, akaisikiliza, akamtazama Hyacinthe usoni, kisha akageukia pazia la nyuma ya duka. "Tahani! Unasikia nini huko?"

"Saa!" mkewe alijibu kutoka ndani. "Inapiga kelele tangu muda. Izimeni basi."

Pale dukani hakuna aliyecheka. Moosa aliizima saa polepole na kuuliza kwa sauti ya chini, "Muzee, imeanza lini?"

Hyacinthe alinunua saa inayotetemeka mkononi na kupanda basi la kurudi nyumbani Gihosha. Njia nzima alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alisikia nyenje.

Jumapili baada ya misa alitandaza daftari zake zote kumi na mbili kwenye meza ya chakula. Mkewe Adélaïde alisimama mlangoni akimtazama.

"Adélaïde, niambie ukweli. Nasikia vizuri?"

"Baba Gaël, simu yako inalia mbele yako unaiangalia tu," alisema. "Nilizani umetukasirikia."

Hyacinthe aligawa ukurasa sehemu mbili. Upande mmoja aliandika ndege wenye sauti nene: njiwa, hondohondo, na kulukulu wa mabawa mekundu anayekoroma bondeni. Upande wa pili aliandika wale wa sauti nyembamba kama sindano: chozi, kinengenenge, na wale wadogo wa kijani wanaopita majanini kwa makundi. Kisha akazifuata hesabu mwaka kwa mwaka. Kulukulu, mwaka wa kwanza hamsini na wanane, mwaka jana sitini na watatu. Njiwa palepale. Hondohondo palepale. Chozi, mia mbili na kumi na wawili, halafu mia moja na tisini, halafu mia moja na ishirini, na mwaka jana sitini na mmoja. Kila mwenye sauti nyembamba alikuwa ameanguka. Mwenye sauti nene hakuanguka hata mmoja.

Aibu ilimpanda mpaka masikio yenyewe yakawaka. Alifikiria ripoti alizozisoma mbele za watu, na Irène na sufuria yake ya viazi. Kisha, katikati ya aibu ile, wazo jingine lilimjia na kumfanya asimame wima. Kama ni masikio yaliyoisha, basi labda ndege hawajaisha.

Jumatatu alikuwa wa kwanza kufika ofisini. Alimsubiri Kaltum, mwanamke wa miaka thelathini na minne anayeingiza hesabu zote kwenye kompyuta, ambaye naye alikuwa amehesabu ndege miaka sita kule chini kwenye bonde la Rusizi. Alimweleza kila kitu, saa ya Moosa na ule ukurasa uliogawanywa. Kaltum aliupitia ukurasa kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Muzee, unajua ukisema hivi, ndiyo mwisho wako wa kuhesabu?"

"Najua."

"Na labda si masikio. Labda wameisha kweli."

"Ndiyo maana nataka twende wawili."

Mafuta hayakuwepo mjini wiki hiyo, na magari yalipanga foleni kwenye vituo vya mafuta mpaka barabarani. Kaltum alihangaika siku tatu, akapata bidoni moja ya mafuta kwa mjomba wake. Alhamisi walipanda mlima, na alfajiri ya Ijumaa wakasimama kwenye kituo cha saba, upande wa mashariki, kila mmoja na karatasi yake, wakiwa wamepeana mgongo ili mmoja asimfuate mwenzake.

Hyacinthe alisikia kulukulu bondeni, akaandika. Alisikia njiwa wawili, kisha mabawa mazito ya hondohondo wawili yakipita juu ya ukungu. Akaandika. Baada ya hapo msitu ulinyamaza. Alisubiri kalamu ikiwa juu ya karatasi. Aligeuza shingo kidogo na kuona kiwiko cha Kaltum. Hakikutulia. Kilikuwa kikienda na kurudi, kikienda na kurudi.

Dakika kumi zilipokwisha Kaltum alikunja karatasi yake.

"Nionyeshe," Hyacinthe alisema.

"Muzee…"

"Nionyeshe tu."

Yeye alikuwa na ndege watano. Kaltum alikuwa na ishirini na mmoja. Chozi sita, kinengenenge kundi la wanane, na wale watano wa Hyacinthe pamoja na wengine wawili.

"Chozi wako wapi?" aliuliza.

Kaltum alinyoosha kidole. Hatua nne kutoka mahali aliposimama mzee, kwenye maua mekundu yaliyoota pale mianzi ilipopunguzwa, chozi dume alikuwa ameng'ang'ania kijiti. Mdomo wake ulikuwa wazi na koo lilitetemeka kwa nguvu ya wimbo. Hyacinthe hakusikia kitu. Alimtazama ndege yule akiimba kimya, na kicheko kikamtoka kifuani, kicheko kikubwa kilichomrusha chozi kutoka kwenye ua lake.

"Wapo!" alisema, akipangusa macho kwa mkono wa koti. "Kaltum, wapo! Ni mi ndiye sipo!"

Kabla ya mkutano alipita hospitali, akapimwa masikio, akapewa karatasi yenye mstari unaoteremka kama barabara ya kutoka Bugarama. Siku ya mkutano aliishika mkononi. Ukumbi ulikuwa umejaa: wafadhili, wakubwa wa tarafa, na nyuma kabisa Irène na wanawake wanne waliovaa vitenge vyao vya heshima kana kwamba wamekuja msibani. Barua ilikuwa mezani. Hyacinthe aliomba kusema kabla haijatiwa sahihi.

Alisema waziwazi, bila kuzungukazunguka. Alionyesha karatasi ya hospitali, kisha zile karatasi mbili za kituo cha saba.

Népomuscène alivua miwani. "Kwa hiyo ripoti zetu za miaka ine ni bure?"

"Ni za masikio yangu, Chef. Si za msitu."

"Unajua watu watasema nini? Watasema tulihesabu na kiziwi!"

"Waseme. Lakini mama hawa wasifungiwe mianzi kwa sababu ya masikio yangu."

Ndipo Irène aliposimama kule nyuma, bila kuombwa. "Mi niko nasikia hao ndege kila siku nikikata," alisema. "Asubuhi wanatupigia kelele mpaka tunashindwa kuongea. Apana mutu aliniuliza."

Mtu mmoja alicheka, kisha ukumbi mzima, na mwisho hata Népomuscène akainamisha kichwa kuficha tabasamu. Aliichukua ile barua na kuirudisha kwenye bahasha. Mwezi wa tatu, alisema, vituo vyote arobaini vitahesabiwa upya, na Kaltum na Armel, mhesabuji kutoka Gitega. Hyacinthe atasimama kando ya Kaltum na karatasi yake, kama kawaida.

Hilo la mwisho lilikuwa wazo la Kaltum. Akijua mzee anakosa ndege wangapi kwenye kila kituo, alieleza, angeweza kuzirekebisha hesabu za miaka iliyopita. Daftari zisingetupwa.

Walihesabu siku kumi na moja, mvua ikiwanyeshea siku tisa. Armel aliugua mafua akaendelea kuhesabu, akijizuia kupiga chafya mpaka dakika kumi ziishe. Jioni ya siku ya kumi na moja walipanda kwenye kilima penye mtandao, wakaketi juu ya jiwe, na Kaltum akajumlisha. Alijumlisha mara tatu. Kisha akampigia Népomuscène na kuweka simu kwenye sauti ya juu.

"Chozi, mia mbili na thelathini na mmoja," alisoma. "Ni wengi kuliko mwaka wa kwanza, Chef. Na waliozidi karibu wote wako mashariki, kwenye maua ya pale wanapokata mianzi. Kinengenenge, mia tatu na sitini na wawili. Hakuna aliyepungua. Hakuna hata mmoja!"

Kwenye simu zilisikika kelele za ofisi nzima, viti vikiburutwa, watu wakipiga makofi, na sauti ya Népomuscène juu ya zote: "Nipe muzee! Nipe Hyacinthe!"

"Niko hapa, Chef."

"Muzee," alisema Népomuscène, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ningesaini ile barua. Kalamu ilikuwa mukononi."

Mwezi wa tano mkataba mpya wa mianzi ulitiwa sahihi katika ukumbi uleule, wa miaka mitano. Kulikuwa na kifungu kilichoongezwa: wanawake kumi wa mianzi watafundishwa kuhesabu ndege na kusimamia vituo vya mashariki, na mwalimu wao ni Hyacinthe, kwa kuwa hakuna anayejua zaidi mahali pa kusimama, saa ya kuanza, na namna ya kuandika kalamu isikimbie ukweli. Népomuscène alipoweka sahihi, wanawake walipiga vigelegele mpaka walinzi wa getini wakaja kuchungulia.

Nje, Adélaïde alikuwa amemshika mumewe mkono kama siku ya harusi. Irène aliwafuata ngazini, kitenge kimemponyoka begani.

"Mwalimu," alisema, akilitamka kwa makusudi. "Tunaanza lini?"

"Kesho kutwa. Saa kumi na moja alfajiri, kituo cha kwanza."

"Na tulete nini?"

Hyacinthe alifikiri kidogo. "Sweta," alisema. "Na vile viazi."