Kaburi Lililochipua

Glovu zilimtoka Prosper kidole kimoja kimoja, kwa sababu damu ilikuwa imegandia ndani. Alizikunja, akampa mkalimani.

Mkalimani alikuwa Mkongomani. Alikuja nchi ile ya theluji kusomea udaktari, akaishia kutafsiri matusi ya kamanda. Wengine wote walinyang'anywa simu walipoletwa mstari wa mbele, yeye akaachiwa yake. Alizijaribu zile glovu, zikamkaa. Ndipo akatoa simu na kumwambia Prosper asirefushe maneno, kamanda akimaliza chai yake wanaondoka.

Handaki walilolala lilikuwa na maji yaliyoganda. Mwenzake wa upande wa kulia aliacha kukohoa tangu juzi, na hakuna aliyekuja kumchukua. Prosper alimgeuzia mgongo, akabonyeza namba ya mama yake. Lakini sauti aliyoitaka haikuwa ya mama. Alimtaka Rhobi.

Walikutana Mwigobero, mwaloni Musoma, wote watu wa Butiama waliofuata riziki ziwani. Rhobi alianika dagaa. Prosper alibeba magunia kutoka kwenye mitumbwi kuyapandisha kwenye malori ya Bunda. Rhobi akicheka alikuwa akiziba mdomo kwa kiganja, halafu anakunja pua kwa harufu ya dagaa, anacheka upya. Kicheko hicho ndicho Prosper alichokuwa akilala nacho humo shimoni.

Walipoelewana, alikwenda kuposa kwa baba yake Rhobi. Mzee hakumtukana. Alimpeleka hadi kwenye zizi la kina Prosper, zizi tupu, akamuuliza anaona nini ndani. Prosper akajibu haoni kitu.

"Basi na mimi nakuonaga hivyohivyo," mzee akasema, akaenda zake.

Ndipo akamfuata wakala mmoja pale mtaa wa Mukendo, mtu wa viatu vinavyong'aa, aliyekuwa akitafuta vijana wa kulinda ghala Ulaya. Prosper akatia saini karatasi za maandishi asiyoyajua. Ghala hakuliona. Alivalishwa magwanda, akafundishwa bunduki kwa wiki chache, akaletwa kwenye vita ambavyo mpaka leo hajui vilianzishwa na nani. Mshahara ulipitia kwa wakala, na mwanzoni ulifika kweli. Kabla hajanyang'anywa simu, mama alimwambia ng'ombe zimeanza kuingia zizini. Mkataba ulipoisha, kamanda alisema harudi mtu mpaka vita viishe.

Simu ililia sana kabla ya kupokelewa.

"Shikamoo mama. Ni mimi, Prosper."

Huko Butiama jogoo akawika, Prosper akamsikia vizuri kabisa.

"Wewe nani unayetuchezea hivi?"

Akarudia jina. Mama akasema matapeli walishawapigia sana tangu msiba. Kama ni yeye kweli, ataje ng'ombe aliyeuzwa ili aende sekondari.

"Yule mweusi wa pembe moja iliyoangalia chini. Na aliyelia ni wewe, siyo mimi."

Mama akamweleza, polepole, kama anayesimulia habari za jirani. Wakala alikuja mwenyewe na gari, ameshika mfuko wa sukari, akasema Prosper amekufa na mwili haupatikani. Akasema pia aliyekufa hana mshahara. Walikwenda Musoma kuuliza serikalini. Kijana wa ofisini, macho kwenye simu yake, akawauliza kama serikali ndiyo iliyomtuma. Wakasema hapana. Basi, akasema, aliondoka kwa miguu yake. Wakarudi nyumbani, wazee wakazika mgomba, kama wanavyofanyiwa waliomezwa na ziwa wasionekane.

"Mimi sijafa, mama. Hawataki kunirudisha. Mshahara wangu anaula yule mtu."

"Sasa baba, watu walishakula matanga."

Akamuuliza habari za Rhobi. Sauti ya mama ikapata uzima.

"Rhobi yuko hapa. Tulishamuoa."

Prosper alikuwa mtoto pekee, na nyumba ilikuwa inazimika. Basi mama akafanya wanavyofanya wanawake wasio na mtoto wa kiume, ile wanayoiita nyumba ntobhu. Alitoa zile ng'ombe, akamuoa Rhobi yeye mwenyewe, na binti akaingia bomani kumzalia watoto na mwanaume aliyechaguliwa. Aliyechaguliwa ni Boniphace, binamu yake Prosper.

"Damu ni ileile," mama akasema. "Na tumbo limeshakuwa kubwa. Mtoto ni wako, baba. Ng'ombe ni zako. Jina lako halijapotea."

Prosper aliangalia vidole vyake. Viwili havikuwa na rangi ya vidole.

"Mpe simu."

Rhobi hakumuuliza habari za ng'ombe wala pembe.

"Mimi nilijua," akasema. "Ule mgomba walikosea, wakauzika na mizizi yake. Ukachipua. Wazee wakasema kaburi kuota ni mkosi, mke wa marehemu akate. Ndiyo kazi yangu hiyo. Nakataga. Ukitokeza, nakata. Nilimwambia mama huyu mtu yuko hai, akasema ni mambo ya mimba."

"Rhobi, kwa nini ulikubali?"

"Nikubali nini? Baba alikuwa anazitaka ng'ombe. Kulikuwa na mzee mwingine wa Murangi anazo nyingi, ananitaka. Nikaona heri niingie kwenye jina lako." Akashusha sauti. "Boniphace anakujaga na viatu vyako."

Kamanda alikuwa anamwaga masalia ya chai kwenye theluji.

"Utarudi lini?" Rhobi akauliza.

"Hawarudishi mtu."

Hakulia. Prosper alisikia pumzi yake tu, nzito, ya mtu mwenye tumbo. Kisha akasema kwa sauti ileile aliyokuwa akimwomba nayo amtwishe beseni pale Mwigobero.

"Leo asubuhi chipukizi ingine imetokeza. Panga ninayo hapa mkononi. Sasa nikate au niache?"

Mkono wenye glovu ukaja mbele ya uso wake, ukaichukua simu, ukaizima.

Walipangwa mstari. Kabla ya kupelekwa mbele kila mtu huulizwa swali lilelile, na siku zote Prosper alikuwa akijibu kwa jina moja.

"Ndugu," mkalimani akasema bila kumtazama, "kamanda anauliza, ukifa nani aambiwe?"

"Mwambie walishaambiwa."

Mkalimani akatafsiri. Kamanda akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana, akampigapiga Prosper begani kama mtu anayepongeza maksai, akamkabidhi koleo.

Walishushwa kwenye uwanda mweupe usio na mti, kila mmoja akaambiwa achimbe shimo lake. Mpini wa koleo ulikuwa wa chuma. Ulinasa ngozi ya viganja vyake. Akavibandua, akashika tena, akaisukuma theluji pembeni. Chini yake kulikuwa na ngano changa, mbichi, mistari iliyonyooka, shamba la mtu aliyepanda kisha akakimbia.

Prosper alisimama akiiangalia. Nyuma yake kamanda alipaza sauti, na mkalimani hakuona haja ya kutafsiri.

Akainua koleo, akakata.